Baba Yake Bonaventura

Jumanne saa tatu asubuhi Eufrasia alifunika dagaa wake kwa gunia pale sokoni Katonga, akamwachia jirani, akaenda mjini kwenye Ofisi ya Uhakiki wa Ukoo. Barua aliyopewa ilisema wazi: ndani ya siku thelathini aonyeshe kwamba wazazi wa babu yake, Bonaventura, walikuwa watu wa hapa. Akishindwa atahesabiwa mgeni na kupelekwa mpakani. Eufrasia amezaliwa Buzebazeba, amezalia Buzebazeba, na kwa miaka hamsini na mitatu hajawahi kulala nje ya mkoa.

Afisa Walter, kijana mpole aliyehamishiwa Kigoma kutoka Moshi, alimfungulia daftari la kuhesabu watu la mwaka 1948. Babu alikuwemo: Bonaventura, mvuvi, mke mmoja. Kwenye nafasi ya wazazi iliandikwa "hawajulikani".

"Wanajulikana sana," alisema Eufrasia. "Karani alikuja babu yuko ziwani. Aliyejibu ni bibi. Sasa mke atawatajaje wakwe zake kwa majina? Alinyamaza, mwanamke mwenye adabu zake."

"Mama, adabu siwezi kuigongea muhuri."

Kesho yake Eufrasia alirudi na huyo bibi, Leonida, aliyefariki mwaka 1991. Bibi alichukua namba, akasubiri zamu. Walter alimpa shikamoo, akakagua cheti chake cha kifo, akaona hakina kasoro. Kisha akamwomba ataje jina la baba mkwe. Bibi Leonida aliinamisha macho. Kufa hakuvunji mwiko, alisema, na serikali ikilitaka hilo jina ikamuulize mwenyewe.

Eufrasia alikasirika, na ilikuwa haki yake. "Basi kamlete, bibi."

Waliletwa Ijumaa, baba mkwe na mkewe Nyamwiza, wote wawili wakichuruzika maji ya ziwa. Mhudumu alipiga deki, wakaja wengine wakakanyaga, akapiga tena. Nyamwiza alikuwa na kigoda chake, maana mabenchi ya ofisi hakuyaamini.

"Mwakeye," alisalimu mzee. "Naitwa Ntagaye. Andika."

Walter aliandika. Halafu kalamu ikasimama. "Mzee, jina hili lipo pia ng'ambo ya mpaka."

"Mpaka ulinikuta nimeshaoa. Ulipita hapa hata hodi haukupiga."

"Cheti cha kuzaliwa unacho?"

"Nimezaliwa kabla ya karatasi. Na wewe mwanangu, ulipopewa hicho kiti, wazazi wa babu yako ulionyesha vyeti vyao?"

Walter alifikiri. Kwa ubaya wote wa kazi ile, hakuwa mwongo.

"Hapana, mzee. Mimi sikuulizwa."

Akaendelea na fomu, akaigongea muhuri mwekundu: MASHAKA.

Wazee hawakuondoka. Jumatatu walifika mapema kuliko wafanyakazi. Habari ilipofika Kagunga kule mpakani, watu waliokuwa na barua kama ile waliwafuata wafu wao, na foleni ikazunguka jengo. Ofisi, ambayo kila jambo hulipatia tangazo, ilibandika karatasi mlangoni: marehemu watahudumiwa Alhamisi tu. Wafu waliisoma, wasiojua kusoma wakasomewa, na wote wakabaki walipokuwa.

Siku ya thelathini Walter alimwita Eufrasia mezani. Barua ilikuwa tayari. Iliwatambua Ntagaye na Nyamwiza kwa majina, ikashukuru kwa ushirikiano wao, ikasema mjukuu wa mtoto wao ni mgeni.

"Weka sahihi hapa, mama. Chini ya neno mgeni."

Eufrasia aliisoma barua yote bila haraka, huku foleni ikimngoja. Akairudisha kalamu mezani.

"Hapo simo," alisema.

"Usiposaini haibadilishi kitu."

"Najua. Na nikisaini je?"

Hakungoja jibu. Alienda kwenye benchi lililolowa, akawasogeza wazee kidogo, akakaa katikati yao. Walter akaita namba inayofuata.