Siku Kumi na Moja za Taa ya Injini

Taa ya injini ya gari langu ilikuwa na tabia ya mwizi: fundi akifika, haipo. Naendesha vizuri, mara inawaka njano kwenye dashibodi, injini inashtuka kama mtu aliyepaliwa, kisha inatulia. Nikifika gereji, inajifanya hamnazo.

Fundi wangu, ambaye mtaa mzima unamwita Daktari, alikuwa amekwisha kubadilisha vifaa viwili. Mashine yake ya kupima ilisema mara hewa, mara joto, mara mafuta.

"Mzee, gari hili ni kama shahidi aliyehongwa," aliniambia. "Kila siku kauli mpya."

Kifungua mimba wangu alichoka kunisikiliza. Alikuja Jumapili, akasimama mlangoni bila kukaa.

"Baba, Jumamosi kuna mtu anakuja kulitazama. Kama Daktari hatakuwa amejua ugonjwa, tunaliuza. Sitaki liwazimikie njiani, wewe na mama."

Aliongea kwa heshima, lakini kama mzazi anayemhamisha mtoto shule. Gari hilo nimeliendesha miaka kumi na tisa. Mtu wa umri wangu akinyang'anywa gari, kinachofuata ni kuulizwa kama ameoga.

Mimi sikusoma shule ya mchana. Nilisoma jioni, baada ya kazi, na somo nililolipenda ni sayansi. Mwalimu alitufundisha kuandika kila kitu kabla ya kutoa jibu. Kwa hiyo tangu taa ilipoanza nilikuwa na daftari, nimechora safu kwa rula: tarehe, saa, barabara, mwendo, mafuta, mvua au jua. Taa ikiwaka, nasimama kando naandika. Nilikuwa na siku kumi na moja za taa, na sikuona kitu. Iliwaka mvua ikinyesha na jua likiwaka, tangi likiwa limejaa na likiwa karibu tupu.

Ijumaa nilimwita Daktari nyumbani. Alisoma daftari sebuleni ukurasa kwa ukurasa, mke wangu akikunja nguo pembeni.

"Umeandika vizuri, Mzee. Lakini siku hizi zote ulikuwa na nani ndani ya gari?"

"Peke yangu."

Mke wangu aliweka shati chini. "Peke yako na nani? Mimi nilikuwa gunia?"

"Namaanisha hapakuwa na mgeni."

"Soma hapo. Jumanne, barabara ya zahanati. Nani alikuwa anakwenda zahanati? Tarehe tisa, sokoni. Wewe unajua bei ya nini sokoni?"

Daktari alifuatisha kwa kidole. Siku zote kumi na moja mke wangu alikuwemo. Safari za gereji, hakuwemo. Nilikuwa nimeandika mvua, nikamwacha mke wangu.

Tulitoka wote watatu, Daktari kiti cha nyuma. Kwenye mteremko wa sokoni, kabla ya kona, taa ikawaka na injini ikashtuka.

"Simama hapo kando, Mzee, usizime." Daktari alikuwa ameinama kati ya viti, anatazama chini. "Mama, huo mguu umekanyaga nini?"

Mguu wake ulikuwa umenyooka, kiatu kimekita kwenye ubao wa plastiki mbele yake.

"Nafunga breki," alisema mke wangu.

"Upande huo hakuna breki, mama."

"Najua hakuna. Ndiyo maana nakanyaga kwa nguvu."

Alipouondoa, injini ikatulia. Daktari alifungua ule ubao. Nyuma yake kulikuwa na furushi la nyaya, na waya mmoja ulikuwa umechubuka, ukigusa chuma kila ubao uliposukumwa. Aliufunga utepe, akalisogeza furushi mahali salama, akaurudisha ubao na kuupiga ngumi mara tatu. Taa haikuwaka tena.

"Tangu lini unafunga breki?" nilimwuliza mke wangu.

"Tangu yule mwenye baiskeli."

"Mwenye baiskeli yupi?"

"Ndilo tatizo lenyewe, baba watoto. Hukumwona."

Daktari alihangaika na bisibisi yake muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Kesho nitamwambia kijana ni waya," alisema. "Na si uongo."

"Si uongo," mke wangu alikubali, akitazama nje ya dirisha.

Jumamosi mwanangu alikuja mapema, akamsikiliza Daktari, akacheka.

"Kumbe waya tu! Basi Baba, gari ni zima. Nimpigie yule mtu asije."

"Mpigie."

Nilikuwa nimeshinda, lakini nilimkumbuka yule mwenye baiskeli ambaye sikumwona. Mke wangu alikuwa akimimina chai, hakuinua macho. Nilitoa ufunguo mfukoni, nikauweka mbele ya mwanangu.

"Lakini huu kaa nao wewe. Jumatatu nipeleke nikapime macho. Mama yako amekuwa akifunga breki kwenye plastiki mwezi mzima, na mimi nalaumu injini."

Mwanangu alinitazama, akamtazama mama yake, hakuugusa ufunguo.

"Na macho yakiwa mazima?" aliuliza mke wangu.

"Basi utaniambia kosa langu jingine ni lipi."

Aliweka birika chini. "La kwanza, unageuza kichwa kumtazama kila unayemsalimia. La pili, kwenye kona..."

"Polepole," nikamwambia, nikavuta kiti. "Hebu tumalize la kwanza."