Aliye Ndani ya Jumla

Ijumaa ya mwisho wa mwezi, wenzake walipoanza kutafuta viatu vyao chini ya meza, mchambuzi wa takwimu wa kampuni ya maghala ya baridi alifungua ripoti. Ofisini walimwita Bi Jumla, na alishachoka kulikasirikia jina hilo. Kazi yake ilikuwa kubofya namba kubwa, ikafunguka na kutoa namba ndogo zilizoizaa, kisha kuzibofya na hizo mpaka macho yamuwashe. Meneja hakuwahi kubofya chochote. Yeye alitaka jumla tu, tena iwe na rangi ya kijani.

Siku hiyo alianza na walioacha kazi kwa hiari. Jumla ilitoa matawi. Tawi lao, yaani ghala lililo nyuma ya ofisi, lilitoa zamu. Zamu ya jioni ilitoa vyumba, na chumba cha samaki kilitoa moja. Kwa kawaida moja haifunguki, maana haina kitu chini yake, lakini kidole kilishazoea. Akabofya.

Ikafunguka. Ndani alikuwemo mdogo wake wa kiume, ameketi juu ya kreti, koti la kazi limemgandia mabegani.

"Dada," alisema, "mbona umekawia hivyo?"

Bi Jumla alipunguza mwanga wa skrini usimuumize macho.

"Tuliambiwa umeacha kazi ukaenda zako. Mama amekununia mpaka leo. Anasema hata kuaga hukuaga."

"Niende wapi mimi, na viatu vyangu vya nyumbani viko kabatini hapo?"

Alieleza bila haraka. Mlango wa chumba ukikaa wazi muda mrefu, ripoti inageuka nyekundu. Kwa hiyo zamu ikiisha, msimamizi anaandika kwanza kwamba wote wametoka, anaufunga mlango, halafu ndipo anaita majina. Jioni ile yeye alikuwa bado nyuma akipanga kreti. Walipofungua asubuhi chumba kilikuwa kitupu, kwa kuwa ripoti ilishasema ametoka. Naye akajikuta huku alikoandikwa.

"Nihamishie kwenye ajali," alisema. "Nikiwa ajali, itabidi wanitafute, nami nitatoka. Huku kwa walioacha kazi hatafutwi mtu."

Kuhamisha kulihitaji idhini ya meneja. Meneja alikuja na funguo za gari mkononi, akainama mbele ya skrini.

"Habari za huko?"

"Baridi, bosi."

"Pole sana. Jikaze." Akamgeukia Bi Jumla. "Ukimtoa hapa ukampeleka pale, jumla ya wafanyakazi inabadilika?"

"Haibadiliki. Ila ni mdogo wangu, bosi."

"Naona, mmefanana kweli. Lakini safu ya ajali ni sifuri, na sifuri hiyo tumeichora getini. Jumatatu wageni wanakuja kupiga picha nayo. Niwaambie nini?"

Hakusema kwa ubaya, hata mlango aliurudishia taratibu alipotoka. Bi Jumla alimchukia kwa moyo wake wote, kisha akachoka hata kumchukia.

Kesho yake alimleta mama yao. Mama aliketi kwenye kiti cha kuzunguka bila kukiamini, mkono mmoja umeshika meza, akamtazama mwanawe kwa muda mrefu.

"Umekula?"

"Sisikii njaa, mama."

"Nimekusema vibaya mtaa mzima, mwanangu. Hakuna nyumba niliyoiruka."

"Ungejuaje, mama? Usijali. Baridi tu ndiyo inanisumbua."

"Jumatatu nakuletea sweta," mama alisema, na kwa mara ya kwanza tangu mwanawe apotee, akatabasamu.

Jumatatu, wageni walipokuwa wakijipanga getini, fundi wa kompyuta alipita meza hadi meza. Uongozi ulikuwa umeamua ripoti ziishie kwenye matawi, kwani namba ndogo zinaifanya mitambo iwe mizito. Alimaliza kabla ya saa ya chai. Mama alipofika na sweta, Bi Jumla alikuwa anabofya namba ya tawi lao, akibofya tena na tena, mpaka kidole kikamuuma. Haikufunguka.

"Yumo humu?" mama aliuliza.

"Yumo."

"Upande gani?"

"Sijui, mama. Yumo tu kwenye jumla."

Mama aliikunjua sweta, akaitandaza juu ya skrini nzima, akavuta mikono ya sweta huku na huku ili pembe zote zifunikwe. Rangi ya kijani ilipenya kidogo kwenye matundu ya nyuzi. Kazi zilipokwisha, Bi Jumla alinyoosha mkono kwenye swichi.

"Usiizime," mama alisema. "Ina joto kidogo."