Matundu Mawili Pembeni mwa Kipande

Jumanne, tarehe kumi na nne Machi, saa mbili na dakika kumi asubuhi, manyunyu yakipiga madirisha ya maabara, mkataji wa vipande alifungua jarida jipya kwenye kompyuta na kuikuta kazi yake imevishwa jina la mtu mwingine.

Aliitwa Rula tangu shule ya bweni, kwa kuwa hakujua kupinda. Kwa miaka miwili alikuwa akikata bongo za panya vipande vyembamba kuliko karatasi, kisha akivipaka kingamwili yenye rangi ya kung'aa, apate kuona ni seli zipi zinazobeba kimeng'enya kimoja, miongoni mwa vile vinavyopitisha ujumbe ndani ya neva. Ramani hiyo ikitoka kwa jina lake, angeacha kuwa mkono wa kukatia wenzake na kuwa mtafiti. Sasa ilikuwa mbele yake: ubongo wa nyuma, safu ya seli kubwa zikiwaka kijani, na juu yake jina la mkuu wa maabara, mume wa dada yake. Shuleni huyo aliitwa Kiranja, na cheo hicho hakuwahi kukivua.

Rula alisogeza uso karibu na kioo. Pembeni mwa kipande, chini kushoto, palikuwa na matundu mawili ya sindano.

Akaegemea kiti taratibu. Kipande cha panya wa kawaida alikitia alama ya tundu moja. Matundu mawili yalikuwa ya panya waliozaliwa bila kimeng'enya hicho kabisa, na kazi yao ilikuwa moja tu: kuthibitisha kwamba kingamwili haidanganyi. Hao hawakupaswa kuwaka. Walipowaka, mwaka uliopita, alitambua kwamba kingamwili ile inashika kitu kingine. Akavifungia vipande vyote kabatini na kuanza upya kwa kingamwili nyingine. "Bado, shemeji, tusubiri," alimwambia Kiranja. Naye akajibiwa, "Usiwe na haraka. Kazi ni yako."

Ufunguo wa pili wa kabati alikuwa nao Kiranja. Kiti cha kukatia hakuwahi kukikalia hata dakika tano; alichagua kipande kilichong'aa kuliko vyote, akaondoka nacho.

Saa nne Kiranja aliingia, mwavuli ukichuruzika.

"Shemeji, mbona umenuna kama uliyelambishwa shubiri?"

"Nimesoma."

"Aa! Nilitaka nikwambie mwenyewe. Jina lako lipo, kwenye shukrani."

"Nimeliona. Baada ya fundi wa umeme."

Kiranja alicheka peke yake, kisha akashusha sauti. "Wahariri wanataka vipande vyenyewe. Kuna mmoja kauliza matundu ni ya nini. Nimesema ni alama yako ya upande wa kushoto. Wewe tia sahihi tu kuthibitisha hivyo, yaishe."

"Huyo panya hana kimeng'enya."

"Unasemaje?"

"Matundu mawili, hana. Umechora ramani ya kitu kisichokuwepo."

Kiranja alitafuta kiti kwa mkono bila kukitazama. "Na hukuniambia!"

"Nilikwambia tusubiri."

Mashine ya baridi ilinguruma, ikanyamaza.

"Kidato cha pili," Kiranja akasema, "nani alivunja hadubini? Na nani alisimama mbele ya shule nzima akasema ni yeye? Wiki mbili nilifukuzwa, baba hanisemeshi. Sijakudai hata siku moja. Leo nakudai. Tia sahihi."

Hapo ndipo Rula alipoumia hasa. Habari hiyo ndiyo aliyomsimulia dada yake, huyo dada aliposita kuolewa na Kiranja: mtu aliyebeba kosa la mwenzake hawezi kukutupa. Rula ndiye aliyemdhamini Kiranja.

Aliinuka, akaikabili kalenda ya ukutani.

"Sahihi hupati. Waandikie wahariri mwenyewe, uiondoe makala. Tarehe ishirini na nane, saa mbili asubuhi, kama hujaandika, barua yangu inaondoka pamoja na vipande. Ulinibebea wiki mbili. Wiki mbili nakurudishia."

"Na dada yako nimwambie nini?"

"Mwambie ukweli. Mimi usinitume."

Akanyoosha kiganja. Kiranja alihangaika na mfuko wa koti, akauweka ufunguo wa kabati mkononi mwake.

"Hatudaiani tena," Rula akasema, akarudi kwenye kiti cha kukatia.