Mkoba Uliobaki Kurui

Nimebeba mizigo ya watu wengi, tangu Rufiji mpaka Bagamoyo. Mzigo ninaoukumbuka vizuri ni wa mganga Zahoro wa Kurui, kwa sababu ya kitu kimoja ambacho hakikuwamo.

Zahoro alitibu waliochanganyikiwa akili, wale tuliosema wana pepo. Mgonjwa alikaa kilingeni kwake, vibanda vitatu ndani ya ua, mwezi hata miwili. Siku ya kumpokea, mume au mzazi aliuchukua mkono wa mgonjwa akauweka juu ya mkoba wa dawa, naye Zahoro akatamka mbele ya watu: "Nimempokea na heshima yake, nitamrudisha na heshima yake." Bila mkoba ule hakuna tiba.

Masika ya mwaka 1934 alipokelewa Siwema, mke wa Mbaraka. Tangu afiwe na mtoto alikuwa hapati usingizi na chakula hakimpiti kooni. Siku ya tano Zahoro akaitwa Kibaha kwa tajiri mmoja, akanichukua mimi mzururaji nimbebee mzigo. Kilingeni akamwacha Maneno, aliyekuwa msaidizi wake kwa miaka sita, awatazame wagonjwa.

Tuliporudi baada ya wiki mbili, Maneno alikuwa amekwisha kukimbia. Alimwambia Siwema kwamba pepo wake anataka mume, na mume huyo ni yeye Maneno. Siwema alipokataa, akamfunga kamba, akamwingilia kwa nguvu. Mama yake Siwema, Bi Mwamvita, ndiye aliyezikuta alama za kamba. Lakini kijiji kikasema Siwema amezini, na Mbaraka akatangaza kuwa Ijumaa anaandika talaka.

Siwema hakuingoja Ijumaa. Alhamisi alikwenda barazani kwa miguu yake, akamshitaki Zahoro. Si Maneno. Zahoro.

"Dawa haijamkolea huyo!" mtu akapiga kelele, na watu wakacheka.

Mzee Mwinyijuma, mwamuzi wa baraza, akawanyamazisha. "Binti yangu, aliyekukosea si amevuka Rufiji?"

"Amevuka, mzee wangu. Lakini Maneno hakunipokea. Aliyenipokea ni huyu."

Zahoro akasimama, kanzu safi, na sauti ile ile ya kutulizia wagonjwa. "Mimi nilikuwa Kibaha, na mkoba wangu nilikwenda nao. Mtu asiye na mkoba si mganga wala si mkono wangu. Ni mhuni tu aliyeingia uani kwangu. Sasa mhuni nimjibie mimi?"

Watu wakaitikia kwa vichwa. Hoja ile ilikaa sawa, hata mimi iliniingia kwa muda mfupi.

Siwema akageuka, akanitafuta kwa macho. "Kaka, wewe ndiye uliyembebea mzigo. Mlikwenda na mkoba?"

Zahoro alinikazia macho. Nilikuwa nimelala kwake, nimekula kwake. Nikasema niliyoyaona.

"Nilibeba mkeka, sufuria, birika na kanzu mbili. Mzee alishika bakora. Mkoba sikuuona."

"Wewe mpita njia, mkoba wangu unaujua wapi?"

"Ngozi ya kenge, mzee, na kengele mbili. Siku mbili za njia, hata kipofu angeusikia."

Biasha, muuza vitumbua, akadakia kutoka nyuma: "Basi tajiri wa Kibaha katibiwa kwa birika!"

Baraza likaangua kicheko. Siwema peke yake hakucheka. "Mkoba alikuwa nao Maneno," akasema. "Kila alipokuja kibandani kwangu, nilizisikia kengele kwanza."

Kicheko kikakatika pale pale.

Mzee Mwinyijuma akajikuna kidevu. "Zahoro, mwaka jana Maneno alimponya mama yake jumbe, nawe hukuwapo. Sifa alichukua nani?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu mkoba ni..." Akasikia alichokuwa anakisema, akaketi.

"Ni wako. Basi na hili ni lako. Maneno tutamtafuta, ana hesabu yake. Wewe kesho asubuhi utamrudisha mke wa watu kama ulivyompokea, kweupe, na kila nyumba isikie. Na mkoba huo hutamwachia mtu tena."

Ijumaa, kabla ya sala, Zahoro alitoka na mkoba begani. Siwema alitembea ubavuni kwake, mkono juu ya ngozi ya kenge, na sisi wengine nyuma. Kila mlango mganga alisimama akasema, "Kosa limetoka kilingeni kwangu. Mwanamke huyu hana doa." Mlango wa kwanza alinong'ona. Bi Mwamvita akamwambia, "Baba, hapa kuna viziwi." Kuanzia hapo alisema kwa sauti.

Mbaraka alikuwa amesimama mlangoni kwake, karatasi ya talaka mkononi. Alimsikiliza Zahoro mpaka mwisho, akaikunja karatasi, akaichana vipande viwili.

"Haya, mke wangu. Ingia ndani."

Siwema hakuingia. "Ulinikabidhi kwa mkono wako mbele ya watu. Shuka unipokee hivyo hivyo."

Mbaraka akatutazama sisi, akamtazama mkwewe aliyeshika kiuno. Akashuka, akautoa mkono wa mkewe juu ya mkoba, akaushika.

"Nimempokea na heshima yake," akasema, kwa sauti ndogo.

Siwema akamwambia arudie.