Mkono wa Kushoto wa Mdokozi

Eleuterio Tejada hakujua kuamini nusunusu. Kibanda chake kilikuwa chini ya ngazi za kilima cha Marehemu Correa, mwanamke wa zamani ambaye watu humwomba kama mtakatifu, pale Vallecito, na riziki yake ilikuwa nadhiri za watu. Aliyemwomba Marehemu nyumba akaipata, alipanda kilimani na kinyumba cha mbao. Aliyeomba lori, alipanda na kilori cha bati. Eleuterio ndiye aliyewatengenezea, ila kwa sharti alilorithi kwa baba yake, ambalo hakulilegeza hata kwa padri: kazi ya nadhiri haikamilishwi kabla ombi halijajibiwa. Kinyumba alikiacha bila mlango, kilori bila gurudumu moja. Mteja akirudi na habari njema, ndipo alipopachika kilichobaki. Kukamilisha mapema, alisema, ni kumsukuma Marehemu mgongoni.

Binti yake, Nélida, alikuwa akiwaongoza wageni kule Bonde la Mwezi, kwenye mifupa ya kale. Figo zilipomlaza hospitali mjini San Juan, naye aliweka nadhiri. Akipona, atampelekea Marehemu mfano wa yule dinosaria mdogo aliyefukuliwa bondeni kwao, mmoja wa wale wa mwanzo kabisa, mla nyama asiyemzidi mbwa. Alimwita Mdokozi, kwa sababu mnyama wa kimo kile, alivyowaambia wageni, hakuweza kumnyang'anya mwenzake uso kwa uso, ila kudokoa tu.

"Maisha yangu yote nimetengeneza malori," Eleuterio alilalamika, "leo naambiwa nitengeneze mjusi."

"Si mjusi, Baba. Na kila mkono una vidole vitano, usije ukanifanyia uvivu. Viwili ni vidogo mno, lakini vipo. Kichwa kigeuze nyuma, kama mtu aliyesikia anaitwa."

Basi Eleuterio akakunja waya, akaufunika kwa magazeti yaliyolowa gundi, akapaka plasta. Mnyama akatoka na urefu wa mkono, toka kiwiko hadi ncha ya vidole. Kila alipokwenda hospitali alimbeba ndani ya boksi la viatu, na Nélida akamkagua kama mama mkwe: shingo nene, paja limebonyea, rangi hii ni ya mamba. Baba akirudi nyumbani, alirudi na boksi lake na kurekebisha. Mwishowe hapakuwa na cha kusahihisha. Ni mkono wa kushoto tu uliokosekana, waya mtupu umechomoza begani.

"Mkono uko wapi?" Nélida aliuliza. Siku hiyo sauti yake ilikuwa imeshuka sana.

"Unajua. Siku utakayotoka hapa."

"Nataka kumwona amekamilika, Baba."

"Utamwona. Tutampachikia njiani, ukiwa mguu juu kurudi nyumbani."

Zulema, mke wa Eleuterio, aliyekaa upande wa pili wa kitanda, alimvuta mumewe kando. "Mpachikie mtoto huo mkono, mzee. Marehemu naye alikuwa mama. Alikufa kwa kiu jangwani na mwanawe bado ananyonya. Ataelewa."

"Na asipoelewa? Nikimwudhi, wewe utanisamehe?"

Mkono wenyewe alikuwa nao. Alikwisha kuuchonga, vidole vyote vitano, ukamkaa mfukoni umefungwa kwa leso. Aliugusa kwa juu ya kitambaa na hakuutoa. Aliogopa, na woga wake aliuita imani. Nélida alimtazama kidogo, akasema, "Haya, Baba," wala hakuomba tena. Eleuterio akafunga boksi, akaondoka nalo kama kawaida.

Nélida alifariki kabla baba yake hajarudi hospitali, siku ambayo Zonda, ule upepo mkavu wa joto utokao milimani, ulijaza vumbi hata ndani ya wodi.

Baada ya mazishi Zulema hakumlaumu kwa neno. Alijitilia tu kibuyu cha yerba, chai yao ya majani machungu, kile ambacho tangu waoane kilipita baina yao kwa mrija mmoja, akanywa peke yake amempa mgongo. Eleuterio angeona nafuu kama angetukanwa.

Wiki hiyo Zulema akafungua mfuko wa vitu vya hospitali. Kati ya nguo za kulalia na kitana alikuta karatasi laini iliyoviringishwa, na ndani yake mkono mdogo wa kushoto. Ulifinyangwa kwa ule ulaini wa ndani ya mkate, ukakauka ukawa mgumu. Vidole vitano, viwili vidogo mno.

Aliuweka mezani mbele ya mumewe. "Muuguzi aliniambia kila siku alibakisha mkate. Nilidhani hataki kula." Akausogeza karibu naye. "Alimaliza mwenyewe. Alikosa mnyama tu. Wewe kila mara uliondoka naye."

Eleuterio alilia mbele ya mkewe bila kuficha uso. Alipoweza kushika gundi, aliupachika ule mkono. Ulikuwa mkubwa kuliko ule wa kulia, maana Nélida alikadiria kwa kumbukumbu. Hakuusugua wala kuupunguza. Ule aliouchonga yeye aliutupa jikoni kwenye moto.

Alimpandisha Mdokozi kilimani. Mama mmoja mfagiaji, aliyemfahamu, akamuuliza amejaliwa nini.

"Sikujaliwa."

"Basi, bwana Eleuterio, hudaiwi kitu."

"Najua," alisema, akamweka Mdokozi katikati ya vinyumba, kichwa kimegeuka nyuma.

Alipofungua kibanda tena, mwanamke mmoja alikuja kutazama kinyumba alichoagiza. Eleuterio alichukua mlango kwenye droo, akatia bawaba, akaupachika palepale.

Mwanamke akashtuka. "Mzee, mimi bado. Nyumba sijapata. Na sharti lako?"

"Kichukue," Eleuterio alisema. "Kaa nacho, kitazame ungali unaomba."

Mwanamke alikipokea kwa mikono miwili. Kwa kidole kimoja akaufungua mlango, akaufunga, akaufungua tena, huku anatabasamu. Eleuterio akageukia ukutani, akajifanya anatafuta gundi.