Kipimo cha Juu ya Nguo

Daktari alikaa kwenye kiti cha ndugu wa mgonjwa, kiti ambacho hakuwahi kukikalia, kabanwa kati ya mkewe na ukuta. Kitandani alikuwa mama mkwe wake, miguu kainyoosha. Daktari bingwa, mwanamke asiye na maneno mengi, alikuwa akisoma majibu ya maabara.

"Ni saratani ya nyama laini," alisema. "Imeota ndani ya msuli wa paja. Seli zake zinagawanyika kwa kasi, ndiyo maana imepewa daraja la tatu, la juu kabisa. Uvimbe una sentimita kumi na nne, na picha inaonyesha vidoa kwenye mapafu. Tutatibu, lakini sitawadanganya. Ikishafika mapafuni, wanaopona ni wachache."

Mkewe alianza kulia kimyakimya. Daktari alitamani ardhi ipasuke immeze.

Miezi kumi nyuma, mama huyu alimfuata sebuleni, akazungukazunguka weee, mwisho akasema ana kitu pajani. Paja la mama mkwe! Mtu aliyeshinda akifunua mapaja ya watu bila kupepesa jicho, siku hiyo alijiumauma kama bwana harusi. Alibonyeza kwa vidole viwili juu ya gauni, uso kaugeuzia dirishani, akasema, "Mafuta tu hayo, mama." Wakashusha pumzi wote wawili. Kumpeleka kwa daktari mwenzake wa kike, aliyekuwa chumba cha pili tu kazini, hakukumjia akilini. Au kulimjia, akaona kutamshushia hadhi ukweni. Tangu hapo kila aliyemshauri mama akapime alijibiwa kwa maringo, "Mkwe wangu kashanipima."

"Ulianza lini? Kuna aliyeuona?" bingwa aliuliza, kalamu mkononi.

Mama mkwe alidakia kabla mtu hajafungua mdomo. "Mkwe wangu aliniona mapema, tena vizuri tu. Akaniambia nikapige picha. Mimi ndiye niliyepuuza, na ukaidi wangu huu."

"Mama!" mkewe aling'aka. "Kumbe uliambiwa?"

Mama mkwe alimkazia mkwewe jicho la kumwambia anyamaze. Naye akanyamaza, aibu ikimpanda hadi masikioni, maana kunyamaza kwenyewe kulikuwa kutamu. Bingwa aliandika mstari mzima.

"Umejiua mwenyewe, mama," mkewe alisema huku akilia. "Umejiua kwa mikono yako."

Hapo daktari alishindwa kuvumilia. "Si kweli," alisema. "Sikumwambia apige picha. Hata kumpima sikumpima. Niligusa juu ya nguo, nikasema ni mafuta."

"Nilikuwa nimeshakusitiri, baba," mama mkwe alisema kwa uchungu. "Si ungeniacha tu."

Bingwa alikata alichoandika. "Ulikuwa mkubwa kiasi gani?"

"Kama ndimu."

Bingwa aliandika. Madaktari wote wawili walijua uvimbe wa ukubwa wa ndimu hukatwa wote, na wagonjwa wengi hurudi makwao wakaishi. Mkewe hakuhitaji kuelezwa. Alifuta machozi, akamgeukia mumewe.

"Angekuwa mama yako mzazi," aliuliza, "ungemfunua?"

Daktari aliinamisha kichwa.

"Ningemfunua," alisema.