C Kaondoka, B Yumo Ndani

Daktari aliposema kirusi cha C hakionekani tena kwenye damu ya mume wangu, nilipiga kigelegele mle mle chumbani kwake. Muuguzi akachungulia akidhani kuna aliyejifungua. Acha achungulie! Muda wote ule tumeishi roho mkononi: homa ya ini ya B na ya C mwilini mwa mtu mmoja, na ini lenyewe limeshaanza makovu.

"Hongereni," daktari akasema, "ila kidonge cha B kinaendelea kila siku. C alikuwa amemkandamiza B. Sasa C hayupo, na B akikosa dawa anaweza kuamka na kulimaliza ini."

Mimi nilisikia. Mume wangu alikuwa keshafika mlangoni, anacheka peke yake.

Yeye ni kinyozi, mimi fundi cherehani, na vibanda vyetu vinapakana. Tuliporudi nikapitia dukani kuchukua soda za wateja wake. Kufika, nakuta kelele mpaka barabarani.

"Nimepona, jamani! Leo nanyoa bure!"

Shemeji yangu, mdogo wake, alikuwa anacheza taulo begani. Nikatua kreti, nikaingia kati nami nikacheza. Kwa nini nisicheze?

"Kaka, na vile vidonge vyako?" shemeji akauliza.

"Nimevitupa! Dawa humezwa na mgonjwa." Akaelekeza mkasi kwenye pipa la nywele.

Mungu wangu! Nikazama pipani mikono mpaka viwiko. Nywele za mtaa mzima, nyeusi, za mvi, za rangi.

"Mama, umepoteza hereni?" mteja mmoja akanitania.

"Natafuta mume!"

Wakaangua kicheko. Mimi sikucheka. Nikaikamata chupa ya vidonge, kifuniko bado kimekaza, nikaipangusa kwa gauni langu.

"Hivi wewe una akili timamu? Aliyeondoka ni C! B yumo humo ndani, mzima wa afya, na wewe unamfungulia mlango!"

Nilijiandaa kwa ugomvi, maana mume wangu hapendi kufokewa mbele za watu. Badala yake akakaa kwenye kiti cha wateja, mkasi mapajani.

"Nilitaka kesho niamke si mgonjwa," akasema. "Siku moja tu."

Hasira zote zikaniishia. Kumbe huyu mtu amechoka, na mimi nilikuwa nahesabu uchovu wangu tu. Nikafungua chupa, nikamwekea kidonge kiganjani.

"Amka mgonjwa, mume wangu," nikamwambia. "Lakini amka."

Akakitazama, akakitupia mdomoni, akakisukuma kwa soda. Kisha akainuka, akanishika kiuno mbele ya wateja wote, akamwambia mdogo wake aongeze sauti ya redio.